UZI: Triphala kwa choo kigumu na tumbo kujaa. Kipimo, viungo, na nani asiiguse

HardeNaAmla (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Maswali ya triphala yametapakaa kwenye nyuzi za presha, za waja wazito na za vidonda vya tumbo, na majibu yake yanazama huko huko. Tuyakusanye hapa. Naanza na unga mkavu, ile churna inayouzwa kwenye maduka ya viungo Marikiti na Biashara Street. Vidonge na michanganyiko tutaifikia.

Triphala halisi ni matunda matatu tu yaliyokaushwa: harde (Terminalia chebula), baheda (Terminalia bellirica) na amla (Phyllanthus emblica). Kokwa hutupwa, nyama ya tunda husagwa, na uzito wa kila moja huwa sawa: gramu 100 kwa 100 kwa 100. Wako waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wanaofuata hesabu ya harde moja, baheda mbili, amla nne, na hiyo nayo ni kanuni ya zamani, lakini mikebe mingi ya dukani ni sawa kwa sawa. Ukikuta kiungo cha nne kwenye maandishi ya nyuma, umeshika dawa nyingine, hata kama mbele wameandika Triphala kwa herufi za dhahabu. Kwa hivyo kabla ya kulipa geuza mkebe usome nyuma.

Inafaa kwa nini? Choo kigumu, choo kinachotoka nusu nusu, tumbo kuwa zito baada ya chakula. Haitibu vidonda vya tumbo wala minyoo, na maneno ya "kusafisha ini" ni ya wauzaji.

Kipimo kilichozoeleka katika Ayurveda ni gramu 3 hadi 6 kwa siku kwa mtu mzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba karibu gramu 3. Anza na nusu kijiko kwenye glasi ya maji vuguvugu, saa moja au mbili baada ya chakula cha usiku, ukae hapo siku tatu. Choo kikilainika usiongeze. Kisipolainika nenda kijiko kizima. Koroga na unywe upesi kwa sababu unga hutuama chini, kisha tia maji kidogo usuuze glasi unywe na hayo. Halafu glasi nyingine ya maji matupu. Hiyo glasi ya pili watu huiacha, na bila maji unga wenyewe unaweza kukaza.

FamasiaTudor

Umeanza vizuri, ndugu. Naongeza kwa nini hukaza, kwa sababu swali hili linarudi kaunta kila mara. Matunda haya yamejaa tanini, ndiyo ule ukakasi unaoushika ulimi. Tanini hukausha na kubana. Harde ndiyo yenye nguvu ya kusukuma choo. Kwa hivyo ndani ya kijiko kimoja kuna kinachosukuma na kinachobana, na maji ndiyo yanayoamua sana upande upi utashinda.

Gesi na kunguruma siku za mwanzo si ajabu. Tumbo likikata kwa maumivu, rudi nusu kijiko. Ukianza kuhara, acha siku hiyo hiyo, usisubiri "sumu itoke". Kinachotoka ni maji na potasiamu, na kwa joto letu hili la Mombasa mtu huishiwa maji haraka. Pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia.

Kuhusu ushahidi, niseme wazi: majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye choo kigumu yapo, lakini ni madogo na mengi yametumia mchanganyiko wenye vitu vingine. Mahali triphala imejaribiwa mara nyingi dhidi ya dawa ya kawaida ni kwenye kusukutua mdomo kupunguza utando wa meno. Kwa tumbo, tuichukue kama kilainishi cha muda mfupi, wiki mbili hivi, kisha mtu ajiulize kwa nini bado anaihitaji.

BintiKibokoni

Shukran. Mtu mwenye presha anayemeza amlodipini na dawa ya kukojoza, anaruhusiwa?

FamasiaTudor

@BintiKibokoni dada, swali lako lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni chumvi. Unga mwingi wa tumbo unaouzwa kwa jina la triphala au "harde" hutiwa sanchal, ile chumvi nyeusi yenye harufu ya yai. Sehemu kubwa ya sanchal ni chumvi ile ile ya mezani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mwenye presha ameshakula nyingi kwenye mkate, achari na bhajia. Pima kwa ulimi: triphala halisi ni chachu, chungu na ya ukakasi, na nyuma yake huja utamu kidogo. Chumvi haimo kabisa. Ukionja chumvi, rudisha mkebe.

Ya pili ni hiyo dawa ya kukojoza. Furosemidi na hidroklorothiazidi zinapunguza potasiamu mwilini. Kuhara nako kunapunguza. Vikikutana, misuli huishiwa nguvu na moyo unaweza kupiga vibaya, na kwa anayemeza digoksini, dawa ya moyo, hatari ni kubwa zaidi. Kwa mtu huyo kilainishi kisicho na sanamaki (jani kali la kuharisha) wala chumvi, mfano isabgol (maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji), ni chaguo bora. Akitaka triphala lazima, iwe nusu kijiko, na kwanza aongee na anayempa dawa za presha.

Tazama pia jethimadh, mizizi mitamu ile ya kikohozi. Imo kwenye unga kadhaa wa tumbo. Ikitumiwa kila siku huongeza presha na kushusha potasiamu kwa wakati mmoja. Mwenye presha asiikaribie.

BizariMarikiti

Kwa wanaotaka kusaga wenyewe nieleze ununuzi, maana hapo ndipo unga unapoharibikia.

Nunua matunda mazima, si vumbi la guniani. Harde nzuri ni ya manjano iliyopauka kuelekea kahawia, ngumu, ina mbavu tano hivi za urefu, na ukiitupa ndani ya maji huzama. Inayoelea mara nyingi imeliwa na wadudu. Himej, zile ndogo nyeusi, ni harde changa. Zinasukuma choo pia lakini usizichanganye kwenye hesabu ya triphala. Baheda ni ya mviringo, rangi ya udongo, kokwa yake kubwa. Amla iliyokaushwa huuzwa vipande vipande bila kokwa, na inatakiwa iwe mikavu ya kukatika. Ikijikunja kama zabibu imevuta unyevu.

Pima BAADA ya kutoa kokwa. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi hupima tunda zima, na kwa vile amla haina kokwa na baheda inayo kubwa, mwisho wanapata unga wa amla wenye harufu ya harde. Ponda kwa kinu, chambua kokwa, pima, kisha saga kila tunda peke yake. Chekecha kwa kitambaa chepesi au chekecheo la unga laini; makapi rudisha kwenye mashine. Baada ya hapo ndipo uchanganye.

Usitumie chombo cha chuma cha kawaida, wala usichemshe kwenye karai la chuma. Tanini zikikutana na chuma hugeuka nyeusi kama wino, na ladha inaharibika. Tumia stenlisi, kioo au chungu.

Sasa unyevu, ambao hapa pwani ni adui mkubwa. Amla ndiyo ya kwanza kuvuta. Saga cha kutosha mwezi mmoja tu, usisage kilo nzima ikakaa kabatini masika yote. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko, kijiko kikavu kila mara. Mabonge laini yanayovunjika kwa kidole ni unyevu wa mwanzo. Mabonge magumu, madoa ya kijivu au kijani, harufu ya uvundo: tupa chote. Usichague upande uliobaki safi, na usianike juani ukadhani umeokoa. Jua huua baadhi ya ukungu lakini sumu ulizokwisha kutoa hubaki, na kukaanga hakuziondoi zote.

Nahodha_Likoni

Mimi swali langu ni sanamaki. Naona imetajwa nyuma ya karibu kila unga wa choo. Si ni jani la kawaida tu?

HardeNaAmla

@Nahodha_Likoni ni jani la kawaida na pia ni dawa kali, mzee wangu. Sanamaki inasisimua misuli ya utumbo mpana, hufanya kazi ndani ya saa 6 hadi 12, na hospitalini pia hutumika. Inakubalika kwa siku chache, si zaidi ya wiki moja mbili bila ushauri wa daktari. Tatizo ni pale inapofichwa ndani ya unga wenye jina la matunda, mtu akaambiwa "hii ni ya asili, tumia kila siku". Kwenye mkebe tafuta majina haya: senna, sonamukhi, Cassia angustifolia, Senna alexandrina. Yote ni ile ile.

Unga ukikupeleka chooni mbio ndani ya usiku ule ule, na tumbo likakatakata, kwa nusu kijiko tu, shuku sanamaki hata kama haikuandikwa. Triphala halisi kwa kipimo hicho huwa ya pole.

Jina jingine la kuangalia ni Triphala Guggulu. Rafu moja, rangi zinafanana, lakini humo mna utomvu wa guggul, na huo huingiliana na dawa za tezi na baadhi ya dawa za moyo kama propranololi na diltiazemu. Kwa choo kigumu huna haja nayo.

Maabara_Makupa

Nimesubiri mtu ataje madini ya risasi, naona bado. Basi nitaje mimi, na naomba hili lisomwe polepole.

Mwaka 2004 watafiti Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston. Katika hizo, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwa intaneti, zikiwemo zilizotengenezwa Marekani kwenyewe, na takriban moja kati ya tano ilikuwa nayo. Zile za rasa shastra, yaani zinazotiwa madini kwa makusudi, zilifika asilimia 41 hivi; za mitishamba mitupu asilimia 17. Kwa hivyo hata mitishamba mitupu haikuwa safi yote. Uchafu huingia kwenye udongo, kwenye mashine za kusagia, kwenye kuchanganya.

Kwa tumbo, balaa iko hapa: risasi yenyewe husababisha choo kufunga na tumbo kusokota. Mtu akitumia unga wenye risasi, choo kinazidi kuwa kigumu, anaongeza kijiko, anameza risasi zaidi. Atapauka, atachoka, atasahau sahau, mdomoni ladha ya chuma, na kila mtu atasema ni gesi. Mombasa hatuhitaji kufundishwa madhara ya risasi. Mtaa wa Owino Uhuru uko kwetu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Anayeishi karibu na mahali kama pale, au anayefanya kazi ya betri na rangi, asijiongezee chanzo kingine.

Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama mwilini, na mtoto huathirika kuliko mkubwa. Kwa hivyo kwa mtoto jibu langu ni hapana, hata robo kijiko.

Kwenye mkebe kwepa maneno bhasma, ras, parad, kajjali, naga, hingul. Shankh bhasma ni gamba la kombe lililochomwa, yaani kalisi, na si sumu kama hizo, ila nayo ina shida yake na dawa nyingine. Mtengenezaji wa maana huandika namba ya leseni, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na ukimwandikia hukutumia cheti cha vipimo vya bechi hiyo. Viwango vinavyotumika India kwa mitishamba ni risasi isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, aseniki 3, zebaki 1, kadimi 0.3. Cheti kisichotaja namba ya bechi iliyo mkononi mwako si cha mkebe wako.

Aliyetumia unga wa shaka kwa miezi na tumbo linamsokota aombe kipimo cha risasi kwenye damu, damu ya mshipa, na aende na mkebe wenyewe.

FamasiaTudor

Ahsante sana @Maabara_Makupa. Nimalizie hiyo shida ya shankh bhasma. Kalisi hushikana na dawa kadhaa tumboni zisiingie mwilini: antibiotiki za siprofloksasini na doksisaiklini, dawa ya tezi levothairoksini, na dolutegravir ya ARV. Dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya kitu chenye kalisi au saa 6 baada yake. Levothairoksini iachane nacho saa 4.

Tanini za triphala nazo hushika madini ya chuma. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu aachanishe angalau saa 2, na chai kavu ihesabiwe humo humo.

Wenye shuga: amla na wenzake wanaweza kushusha sukari kidogo. Kwa anayetumia metformini peke yake hatari ni ndogo. Kwa anayedunga insulini au kumeza glibenklamidi, apime sukari mara nyingi zaidi wiki ya kwanza. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze bila kupimwa INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda. Na maabara imeonyesha triphala inazuia vimeng'enya vya ini CYP3A4 na CYP2D6 ambavyo huvunja dawa nyingi. Hiyo ni ndani ya chupa za maabara, lakini inatosha kumfanya mwenye dawa za kifafa au za kupandikizwa figo akae mbali. Kabla ya upasuaji acha wiki mbili.

MkungaWaMajengo

Waja wazito nawajibu kwa ufupi: msitumie. Harde kwa jadi ya Ayurveda yenyewe imekatazwa kwa mjamzito, na kuharisha kunaweza kuamsha mikazo. Halafu kliniki mnapewa kidonge cha chuma miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Tanini zitakula faida yake. Na najua kidonge hicho ndicho kinachofunga choo, lakini msikiache, wanangu. Papai lililoiva, mabenda, mchicha, maji, na isabgol ikihitajika. Mwambieni nesi. Anayenyonyesha naye asubiri. Sanamaki iliyofichwa haina haja ya kufika kwa mtoto.

Swaumu_Kizingo

Ramadhani inywewe daku au usiku?

HardeNaAmla

Usiku baada ya tarawehe, choo kitoke kabla ya daku au asubuhi. Ukinywa daku, ikikuharisha saa nne asubuhi huna maji ya kufidia mpaka magharibi. Na usiinywe pamoja na futari ya viazi karai na sambusa ukitegemea ikutengenezee tumbo. Mafuta yale yanahitaji kupunguzwa tu.

BintiKibokoni

Na kama tatizo ni gesi, choo kiko sawa?

BizariMarikiti

@BintiKibokoni hapo triphala si chaguo la kwanza. Kwa gesi Ayurveda hutumia hingvashtak: tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu, ajwain, bizari nyembamba, jira nyeusi, chumvi ya mwamba na mvuje uliokaangwa kwa samli. Kipimo chake ni robo hadi nusu kijiko cha chai na tonge la kwanza la wali wenye samli. Mvuje usipokaangwa huchoma koo na kutia kichefuchefu, kwa hivyo anayetengeneza nyumbani asiruke hatua hiyo. Ndani mna chumvi, kwa hivyo mwenye presha aache, na anayesumbuliwa na kiungulia au vidonda pilipili zile zitamuunguza.

FamasiaTudor

Na piperini ya pilipili manga na pilipili ndefu huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Imethibitishwa kwa fenitoini, propranololi na theofilini. Wanaotumia hizo wasile hingvashtak kila siku. Pilipili ya kwenye pilau haina neno.

Gesi ikiambatana na maumivu ya tumbo la juu yanayomwamsha mtu usiku, pimeni H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, kwa choo, si kubadilisha unga.

Nahodha_Likoni

Vidonge je? Vya miligramu 500.

HardeNaAmla

Ikiwa ni unga uliogandamizwa, gramu 3 ni vidonge sita, ndiyo maana kidonge kimoja mara nyingi hakionyeshi kitu. Ikiwa imeandikwa "extract", basi imekolezwa na hesabu ya unga haifai kabisa; fuata lebo. Vidonge hupoteza ule mtihani wa ulimi, na kwangu hiyo ni hasara kubwa.

Swaumu_Kizingo

La mwisho: mtu ameshatumia unga wenye sanamaki miezi kadhaa, akiacha choo hakitoki. Afanyeje?

FamasiaTudor

Asiache kwa ghafla wala asiongeze. Apunguze nusu ya kipimo kila wiki, na toka siku ya kwanza aanze isabgol: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi iliyojaa maji, mililita 250, akoroge na kunywa papo hapo kabla haijawa uji mzito, kisha glasi ya pili. Asiinywe akiwa anakwenda kulala, na mwenye shida ya kumeza asiitumie kabisa kwa sababu huvimba kooni. Iachane na dawa nyingine saa 2. Baada ya siku tatu nne anaweza kufika mara mbili kwa siku. Mbaazi na maharagwe viongezwe kidogo kidogo. Chooni aweke kigoda chini ya miguu magoti yapande, na aende baada ya chai ya asubuhi, wakati utumbo wenyewe unasukuma.

Aende hospitali bila kusubiri ratiba hii akiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami ilhali hamezi vidonge vya chuma, kupungua uzito, kutapika, tumbo kuvimba bila kupitisha hata upepo, au maumivu ya ghafla upande wa chini kulia. Hapo kilainishi chochote kinaweza kudhuru. Na aliyevuka miaka 50 ambaye choo kimebadilika karibuni achunguzwe kwanza.

Aliyepata madhara amwombe mfamasia fomu ya manjano ya Bodi ya Famasi na Sumu. Mkebe unaoshukiwa kuwa mbovu au umetiwa kitu una fomu yake ya waridi. Msiutupe mkebe wala unga uliobaki, kwa kuwa namba ya bechi ndiyo watakayoitafuta kwanza.